Kompyuta ya kuunganisha kwa ajili ya uhariri wa video

Kompyuta ya kuunganisha kwa ajili ya uhariri wa video ni kompyuta ya mezani ambayo vipuri vyake huchaguliwa kimoja kimoja, kisha hufungwa pamoja na fundi au mtumiaji mwenyewe, ili ifae kazi ya kukata, kupanga na kurekebisha video. Tofauti na kompyuta inayouzwa ikiwa tayari, hapa mnunuzi huamua mwenyewe fedha ziende kwenye kipuri gani. Kwa mwenye bajeti ndogo, kama kijana anayeanza kazi ya kupiga video za harusi, uamuzi huo ndio unaotenganisha mashine inayomaliza kazi kwa wakati na ile inayokwama katikati.

Mzigo wa video

Video ni mfululizo wa picha, au fremu, ambazo kwa kawaida huwa 24 hadi 60 kwa sekunde. Fremu moja ya ukubwa wa 1920 × 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikitumia baiti 3, fremu huchukua takriban megabaiti 6.2, kwa fremu 25, sekunde moja ingefikia megabaiti 155 hivi. Video ya 4K (3840 × 2160) ina nukta mara nne ya hizo.

Kwa sababu hiyo kamera hubana video kwa kodeki kama H.264 au H.265. Kodeki hizo hazihifadhi kila fremu nzima: fremu nyingi huandikwa kama tofauti tu kati yake na fremu za jirani. Faili huwa dogo, lakini kompyuta hulazimika kukokotoa fremu upya kila mhariri anaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ndiyo maana kompyuta inayoonyesha filamu bila shida inaweza kukwama inapotumiwa kuhariri.

Uchaguzi wa vipuri

Hatua ya kwanza ni kuchagua programu, kwa kuwa kila programu ina mahitaji yake. DaVinci Resolve, yenye toleo la bure, huitegemea sana kadi ya michoro, hasa katika kurekebisha rangi. Kdenlive na Shotcut, ambazo ni programu huria, huegemea zaidi prosesa.

* Prosesa: yenye viini 6 hadi 8 hutosha kwa video za 1080 na kazi nyepesi za 4K. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu ya michoro yenye Quick Sync, inayosaidia kufungua na kubana video. Zile ambazo jina lake huishia na herufi F hazina sehemu hiyo, hivyo ni lazima zifungwe pamoja na kadi ya michoro.
* RAM: gigabaiti 16 ni kiwango cha kuanzia; 32 hufaa zaidi kwa 4K. Vipande viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha 16.
* Hifadhi: SSD hutumika kwa mfumo wa uendeshaji na kazi inayoendelea, na diski ya kawaida kwa kutunza kazi zilizokwisha. Video ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi sherehe ya saa sita, zitajaza gigabaiti 540.
* Pawa saplai: iwe na uwezo unaozidi mahitaji ya vipuri vyote. Iliyo hafifu inaweza kuharibu vipuri vingine.

Namna ya kupunguza gharama

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kununua kitu. Programu nyingi huweza kutengeneza nakala nyepesi za video. Mhariri hufanya kazi kwa nakala hizo, kisha programu hurudia video halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Kwa njia hiyo kompyuta ya wastani huweza kuhariri 4K.

Wengine hununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea RAM, SSD na kadi ya michoro. Kabla ya kulipa, ni vizuri kufungua kasha na kuangalia ndani. Baadhi ya kompyuta hizo zina pawa saplai yenye umbo na plagi za pekee, au kasha jembamba lisiloweza kupokea kadi ya ukubwa wa kawaida.

Kasha la kupendeza na taa za rangi haviongezi kasi ya kuhariri, hivyo vinaweza kusubiri.

Usalama wa kazi

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, UPS humpa mhariri dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine. Diski ya pili ya nakala nayo ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo, hata ikibidi kuchukua prosesa ya daraja la chini. Prosesa inaweza kubadilishwa baadaye, lakini harusi haiwezi kurekodiwa upya.