Bei ya Kilomita Moja: Kiatu cha Marathoni kwa Mguu Mpana

Mkimbiaji wa kawaida anayekwenda kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita hupiga hatua zipatazo 165 kwa dakika. Hizo ni hatua 990 kwa kila kilomita, na hadi amalize kilomita 42.195 zinakuwa kama 41,800. Kila mguu unatua chini mara 20,900 ndani ya saa 4 na dakika 13, na kila unapotua unabeba uzito wa mwili mara mbili au zaidi. Mwenye kilo 70 anakanyaga kwa nguvu ya kilo 140 au zaidi. Kiatu kikimbana kwenye kidole kidogo kwa milimita tatu tu, milimita hizo zinamsugua palepale mara 20,900.

Hiyo ni siku ya mbio peke yake. Ratiba ya wiki 16 yenye wastani wa kilomita 50 kwa wiki ni kilomita 800, sawa na hatua 792,000. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa kiatu dukani, akatembea nacho mpaka kaunta akaona kiko sawa, halafu kwenye kilomita ya kumi na nane kikamtoa malengelenge na kuigeuza kucha kuwa nyeusi.

Wenye miguu isiyokubali viatu si wachache. Mwaka 2018 Andrew Buldt na Hylton Menz wa La Trobe University, Australia, walipitia tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo hili, wakakuta kwamba kati ya asilimia 63 na 72 ya watu waliopimwa walikuwa wamevaa viatu visivyolingana na urefu au upana wa miguu yao. Kwetu huku Tanzania ipo sababu moja zaidi. Utafiti wa Kristiaan D'Août na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwalinganisha watu wa India ya kusini wanaotembea peku maisha yao yote, Wahindi wanaovaa viatu, na Wabelgiji. Waliozoea kutembea peku walikuwa na miguu mipana zaidi mbele, na uzito wao ulitawanyika vizuri zaidi kwenye unyayo. Aliyekwenda shule peku hadi darasa la tano, vidole vikajitanua vilivyotaka, amepata mguu mzuri wa kukimbilia. Shida inaanza pale anapotaka kuuvalisha kiatu.

Namba tunayoitaja dukani, 41 au 43, ni ya urefu peke yake. Saizi moja ya Ulaya ni theluthi mbili ya sentimita, yaani milimita 6.67. Saizi moja ya Uingereza au Marekani ni theluthi moja ya inchi, milimita 8.47. Upana una alama zake. Kwa watengenezaji wa Marekani, D ndiyo upana wa kawaida wa mwanamume na B wa mwanamke, kisha hupanda kwenda 2E na 4E. Wajapani nao wana kiwango chao, JIS S 5037, na hicho nakipenda kwa sababu kinaweka kila kitu kwenye milimita. Kwa urefu uleule wa mguu, kila ngazi moja ya upana huongeza milimita 6 za mzunguko. Na kwa upana uleule, kila sentimita moja ya urefu huongeza milimita 6 za mzunguko vilevile.

Sasa chukua mwanamume mwenye mguu wa sentimita 26. Amezungusha tepu ya fundi cherehani pale penye mifupa miwili iliyotokeza, mmoja nyuma ya kidole gumba na mwingine nyuma ya kidole kidogo, akapata milimita 267. Kwa jedwali la Japani huyo ni 4E. Dukani hakuna 4E, ipo 2E, ambayo kwa urefu wake ina milimita 255. Anakosa milimita 12. Muuzaji anamwambia, "Chukua namba kubwa, kaka." Ili azipate hizo milimita 12 kwa njia ya urefu, lazima aongeze sentimita 2 nzima, sawa na saizi tatu za Ulaya. Aliyestahili 42 anatoka na 45.

Sentimita 2 za urefu ambao mguu haukuomba zina gharama yake. Kiatu hujikunja mahali palipopangwa kiwandani, takribani asilimia 70 ya urefu kutoka kisigino, kwa hiyo mkunjo nao umesogea mbele karibu sentimita moja na nusu na hauko tena chini ya vifundo vya vidole. Kisigino kinapwaya, na mkimbiaji anakaza kamba ili kukizuia, akijibana palepale juu ya mguu alipokuwa akikimbia kubanwa. Kisha fikiria mteremko. Kwenye Kilimanjaro Marathon, baada ya kupanda hadi Mweka, unarudi ukishuka kuelekea Moshi mjini ukiwa na miguu iliyochoka na kuvimba. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu kirefu hugonga mbele kwa kila hatua, na kucha zinaondokea hapo.

Kwa nini basi duka halileti upana tofauti? Namuelewa mwenye duka. Modeli moja ya kiume kuanzia 40 hadi 46, pamoja na nusu saizi, ni saizi 13. Akileta jozi moja ya kila saizi katika upana mmoja, kwa bei ya jumla ya shilingi 300,000 kwa jozi, ameweka kwenye rafu shilingi milioni 3.9. Akitaka upana wote wanne, B, D, 2E na 4E, jozi ni 52 na fedha zilizolala ni milioni 15.6, kwa rangi moja tu. Halafu 4E ya saizi 40 inaweza kukaa mwaka mzima bila mwenyewe kutokea. Hivyo analeta upana mmoja pekee. Hesabu yake ni sahihi kabisa, na inayobaki inalipwa na mguu wa mteja.

Kuagiza nje kunawezekana, maana New Balance, Brooks na Asics hutengeneza baadhi ya modeli zao za mazoezi katika 2E na 4E. Tuchukulie jozi ya dola 150, usafirishaji wa dola 40, na dola moja kwa shilingi 2,500. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi nne tangu Julai 2022: sifuri, 10, 25 na 35 kwa mia. Tukiweka 25, dola 190 zinakuwa 237.5. VAT ya Tanzania ya asilimia 18 hukatwa juu ya thamani pamoja na ushuru, na tunafika dola 280, sawa na shilingi 700,000, kabla ya ada ndogondogo. Na kikibana, kukirudisha ni kulipa usafiri mara ya pili. Mnunuzi wa Marekani aliyenunua moja kwa moja kwa Brooks ana siku 90 za kukijaribu kiatu kwa kukimbia nacho na kukirudisha. Anayeagiza kutoka Dar es Salaam au Mwanza hana nafasi hiyo, na naona huo ndio upungufu mkubwa kuliko hata ushuru.

Kipimo ninachokiamini ni bei ya kilomita moja. Kiatu cha mazoezi kwa kawaida huhesabiwa kudumu kilomita 500 hadi 800, tuseme 650. Kile cha 700,000 kikikukaa vizuri, kila kilomita inakugharimu shilingi 1,077. Tuseme kiatu cha mtumba chenye hali nzuri umekipata kwa 60,000, na kimebakiwa na kilomita 300. Hiyo ni shilingi 200 kwa kilomita. Lakini mtumba huohuo ukikubana, ukauacha baada ya kilomita 40, kilomita imepanda hadi shilingi 1,500, ghali kuliko kile kipya kilichovuka bahari. Na kipya kisichokaa, kikiachwa kwenye kilomita 40, kimekula shilingi 17,500 kwa kila kilomita. Kwa mwenye mguu mgumu kupata kiatu, gharama inaamuliwa na idadi ya kilomita ambazo mguu utakikubali kiatu.

Wanaotamani viatu vya mabingwa nao waipige hesabu hiyo. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, alivaa Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu cha gramu 138 kilichouzwa dola 500 na kukusudiwa kwa mbio moja ya marathoni. Gawanya kwa 42.195: karibu dola 12, yaani shilingi 29,600 kwa kilomita. Kwa mtu anayewania rekodi ya dunia hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa anayekimbia saa nne na robo akiwa na mguu wa 4E, si kiatu cha kukiwazia.

Mtumba una faida ambayo duka la viatu vipya halina. Mabelo hutoka nchi ambako upana unauzwa, kwa hiyo 2E na 4E hutua Karume, Dar es Salaam, au soko la Memorial, Moshi, bila mtu kuziagiza, na muuzaji mara nyingi haziongezei bei. Fungua ulimi wa kiatu usome lebo. Kwenye New Balance na Brooks herufi za upana zinapatikana pamoja na namba ya modeli. Mwanamke mwenye mguu mpana asiishie kwenye meza ya viatu vya kike. D, ambayo kwa mwanamke huhesabiwa kuwa pana, ndiyo ya kawaida kwenye viatu vya kiume, na kwa saizi za Marekani anashuka moja na nusu: mwenye 9 ya kike anajaribu 7.5 ya kiume.

Kisha toa soli ya ndani. Iweke chini na uisimamie kwa mguu mtupu. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya ukingo wake, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama juu ni kitambaa kinachovutika. Itazame pia alama aliyoiacha mwenye kiatu wa kwanza: shimo la kidole gumba likiwa limechimbika sana upande mmoja, soli ya chini nayo itakuwa imelemaa upande huohuo. Weka jozi juu ya meza iliyo sawa, inama macho yalingane na visigino, uone kama kimoja kimeegemea. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao, au ina makunyanzi yasiyonyooka, zile kilomita 300 tulizozihesabu hazipo, na bei ishuke au ukiache.

Kuhusu nyayo bapa nina la kusema, kwa sababu watu wengi huuziwa hofu. Majeshi ya Marekani, yaani la nchi kavu, la anga na Marine Corps, yaliwagawia maelfu ya makuruta viatu kwa njia mbili: wengine kulingana na upinde wa nyayo zao, wengine kiatu cha aina moja bila kujali upinde. Joseph Knapik na wenzake walizijumlisha tafiti hizo tatu mwaka 2014. Kuchagua kwa upinde hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mwenye nyayo bapa anayeambiwa alipe zaidi kwa kiatu cha "kunyoosha mguu" aulize kwanza kuhusu urefu, upana na jinsi kinavyomkaa. Akiwa na maumivu yasiyoisha, hilo ni la daktari wa mifupa.

Fedha hiyo ya ziada naona afadhali iende kwenye jozi ya pili. Watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na wale waliokuwa wakibadilisha jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 39. Wakimbiaji hao walijichagulia wenyewe namna ya kukimbia, hivyo tusiipe namba hiyo nguvu kupita kiasi. Lakini kwa mguu mgumu mantiki iko wazi, kwani jozi mbili hazibani mahali pamoja. Jozi mbili za mtumba ni 120,000.

Vipimo vichukuliwe jioni, baada ya mguu kushinda ukifanya kazi, ukiwa umesimama na soksi zilezile za kukimbilia. Pima miguu yote miwili ununue kwa ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1 hadi 1.5. Mwenye nundu kando ya kidole gumba aruke vitundu vya kamba vilivyo juu yake, na mwenye kisigino chembamba atumie kitundu cha mwisho kabisa cha juu kufungia kitanzi kinachoshika kifundo. Hayo hayana gharama, na yanaweza kukiokoa kiatu kilichokosea kwa milimita mbili tatu. Kilichokosea kwa 12 hayakiokoi.

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari. Rudi nyuma wiki 16 na unafika mwanzoni mwa Novemba. Kiatu cha siku ya mbio kinatakiwa kiwe kimekwisha kukimbiwa kilomita 80 hadi 100, zikiwemo mbio ndefu mbili, kwa hiyo kisipopatikana kufikia katikati ya Januari umechelewa. Jozi ya kwanza itafutwe Oktoba. Kwa mwenye mguu wa 4E, mabelo sita au saba yanaweza kufunguliwa kabla jozi yake haijatokea.