Kupogoa Bogenvilia: Kwa Nini Wakati wa Kukata ni Muhimu

Mtahiniwa anayeeleza upogoaji wa mimea asiishie kutaja hatua. Atoe na sababu. Mfano mzuri ni bogenvilia, mmea wa miiba unaopandwa kuwa uzio wa nyumba katika sehemu za joto kama Kilangali, wilayani Kilosa.

Maumbile
Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini. Jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Sehemu yake yenye rangi ya zambarau au nyekundu si petali, bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni dogo na jeupe, nalo liko katikati. Wengi hukosea hapa.

Kupanda
Kata kipande cha tawi lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kichomeke mwanzoni mwa masika, mahali penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Kwenye udongo wa mfinyanzi, changanya mchanga na samadi, kisha inua tuta.

Kupogoa
Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huzuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ncha ikikatwa, kizuizi hupungua, machipukizi hayo huamka na mmea hutanuka. Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya. Kwa hiyo pogoa maua yakishapukutika: kata juu kidogo ya kifundo na uondoe matawi makavu. Ukikata kila wiki ili uzio unyooke, unaondoa matawi machanga kabla hayajachanua. Uzio utabaki kijani kitupu.

Ulinganisho
Lailaki, kichaka cha nchi za baridi, huandaa matumba yake mwaka mmoja kabla ya kuchanua. Hupogolewa mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa, unakata maua ya mwaka ujao. Tena huhitaji majira ya baridi kali ili kuchanua vizuri, hivyo haifai Kilosa.

Kumbuka: kabla ya kukata, jiulize maua yatatoka kwenye tawi lipi, jipya au la zamani.

Swali la kujipima
Uzio wa bogenvilia umestawi, una majani mengi, lakini hauchanui. Mwenye nyumba huupunguza kila Jumamosi. Eleza chanzo cha tatizo na umshauri la kufanya.