Kuhamisha Picha za Kamera Nyingi Baina ya Programu za Uhariri: Tatizo la Uoanisho

Katika utafiti wa fasihi simulizi, utendaji hurekodiwa aghalabu kwa kamera zaidi ya moja: ya kwanza humwelekea mtambaji, ya pili hadhira, na ya tatu hunasa ukumbi mzima. Mtambaji anapotua na hadhira ikaitikia, mwitikio huo ni sehemu ya matini. Ukichelewa kwa sekunde mbili katika video iliyohaririwa, kicheko huangukia kauli isiyochekesha, na atakayeichanganua video hiyo atafasiri utendaji ambao haukutokea. Hatari hii huzidi pale kazi inapohama kutoka programu moja ya uhariri hadi nyingine, tuseme kutoka Premiere Pro ya mhariri hadi DaVinci Resolve ya mrekebishaji wa rangi.

Yafaa kufahamu kwanza ni nini hasa kinachohama. Picha zenyewe husalia katika diski. Kinachosafirishwa ni faili ndogo ya maelezo: chukua faili fulani, anzia hapa, ishia pale. Uoanisho nao haumo ndani ya picha, isipokuwa kamera zote zilifuata saa moja wakati wa kurekodi, kila fremu ikapewa nambari ya saa, dakika, sekunde na fremu. Kamera nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo. Mhariri huzioanisha kwa kulinganisha sauti, au kwa kofi lililopigwa mwanzoni, na matokeo yakahifadhiwa katika mradi wake tu. Hivyo basi, maelezo yasiposafiri vyema, uoanisho hupotea ingawa picha zote zipo.

Faili za maelezo hazilingani kwa uwezo. EDL ya muundo wa CMX 3600, iliyo kongwe, hubeba mkondo mmoja tu wa picha. Haiwezi kueleza kwamba kulikuwa na kamera nyingine kando. AAF, inayotumiwa sana na Avid, na XML ya Final Cut Pro 7 hubeba mikondo mingi. Mnamo mwaka wa 2011 Final Cut Pro X ilitoka bila uwezo wa kufungua miradi ya toleo lililoitangulia, jambo lililowakera wahariri, na kwa haki. Muundo wake, FCPXML, si ule wa XML ya awali ijapokuwa majina yanakaribiana. Isitoshe, Premiere Pro huichukulia klipu ya kamera nyingi kama mfululizo uliowekwa ndani ya mfululizo mwingine, ilhali Final Cut Pro huichukulia kama klipu moja yenye pembe kadhaa. Msomi wa tafsiri atalitambua tatizo hili mara moja: kisawe hakipo.

Njia ya kawaida ni kuzigeuza klipu hizo, kabla ya kuhama, ziwe klipu za kawaida za pembe zilizochaguliwa. Kwa mrekebishaji wa rangi hilo latosha. Kwa hifadhi ya utendaji halitoshi hata kidogo, kwa kuwa anayepokea hawezi tena kumtazama msikilizaji ambaye mhariri alimwacha nje. Ni bora kutayarisha nakala ya pili ambamo kila kamera imelazwa nzima katika mkondo wake, zote zikiwa zimeoanishwa. AAF na XML huusafirisha mpangilio huo bila shida kubwa, kwani hauhitaji dhana ya pembe.

Majina ya faili nayo yana mtego. Kamera za AVCHD huziita faili zao 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Kamera mbili hutoa majina yale yale, na programu ya pili yaweza kuweka uso wa msikilizaji mahali pa mtambaji. Majina yabadilishwe kabla uhariri haujaanza, si baadaye.

Baada ya kuhama, video kamili iliyotolewa na programu ya kwanza, yenye nambari za wakati juu ya picha, iwekwe sambamba na kazi mpya. Mwanzo ukilingana na mwisho ukapishana kidogo kidogo, kasi ya fremu imesomwa vibaya: picha za fremu 29.97 kwa sekunde zikihesabiwa kuwa 30, tofauti hufika sekunde 3.6 kwa saa. Upishano ukizuka ghafla katikati, huenda ni faili moja iliyokosa mahali pake, maana kamera nyingi huikata rekodi ndefu kila faili inapofikia gigabaiti 4.