Kuziba Si Kutelekeza: Istilahi za Kufunga Visima vya Mafuta na Gesi

1. Utangulizi

Msafiri aendaye Itetemia, karibu na mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikigawanyika, moja ikishika Ujiji na nyingine ikielekea Karagwe na Buganda, hatarajii kukutana huko na tatizo la istilahi za visima vya gesi vilivyo chini ya bahari. Hata hivyo ni huko tulikopata mwanga juu ya jambo lililokuwa limetukalia ofisini kwa muda mrefu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ofisi moja ya umma ilituletea rasimu ya tafsiri ya masharti ya uchorongaji wa mafuta na gesi, ikiomba tuithibitishe. Katika rasimu hiyo tulisoma kwamba kazi ikiisha, mwenye leseni "atakitelekeza kisima kwa kufuata kanuni". Mfasiri hakuwa mzembe. Alifungua kamusi, akakuta kwamba neno la Kiingereza ambalo wahandisi hulitumia kwa kazi hii ni lile lile litumikalo mahakamani kwa mzazi aliyemwacha mtoto wake bila ya matunzo, akachukua kisawe chake cha kawaida. Lakini kwa Kiswahili, kutelekeza ni kumwacha mtu au kitu ambacho una wajibu nacho. Ni neno la lawama. Sentensi ile, basi, ilimwamuru mwenye leseni atende kosa, na tena alitende kwa kufuata kanuni.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi yenyewe ilivyo, kisha kutoa mapendekezo ya istilahi. Hatuna budi kuanza na kazi, maana istilahi isiyotokana na kuielewa dhana huwa ni kivuli tu cha neno la kigeni.

2. Visima vya Itetemia

Tabora, kwa miaka mingi, ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na watu wengi walijichimbia visima vya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa mjini humo kwa bomba. Penye maji ya bomba, kisima cha uani hupoteza kazi yake, na mwenye nyumba hulazimika kuamua akifanye nini.

Tulipokuwa Itetemia tuliona kwamba katika mazungumzo ya kila siku uamuzi huo una majina matatu, wala watu hawayachanganyi. Kisima kilichofunikwa ni kile kilichowekewa kifuniko kizito ili mtoto au mbuzi asitumbukie. Mwenyewe anatazamia kwamba bomba likikauka atakirudia. Kisima kilichofukiwa ni kile kilichojazwa udongo na mawe, na mwenyewe hakitazamii tena. Kisima kilichoachwa ni kile ambacho mwenyewe amehama au amepuuza, kinywa kikabaki wazi. Huyo hulaumiwa, kwani taka huingia humo na kuchafua maji ya majirani.

Basi lugha yetu ilikwisha kutenga mambo matatu ambayo rasimu ile iliyachanganya kuwa moja: kufunga kwa muda, kufunga moja kwa moja, na kuacha kwa uzembe. Tofauti hizo tatu ndizo zinazotakiwa baharini pia.

3. Kazi ya kuziba kisima cha gesi

Kisima cha gesi si shimo tupu. Ni tundu jembamba lililotobolewa katika miamba kwa maelfu ya meta, likavikwa mabomba ya chuma, bomba ndani ya bomba, na saruji ikasukumwa kati ya bomba na mwamba ili ishike. Kabla ya kutobolewa, gesi ilikuwa imezuiwa kwa mamilioni ya miaka na tabaka la mwamba usiopenyeka lililokaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Mchorongaji amekitoboa kifuniko hicho. Maana ya kuziba ni kukirudishia mwamba kifuniko chake.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua. Kwanza kisima hutulizwa: hujazwa kimiminika kizito ambacho uzito wake unashinda shinikizo la gesi. Pili, bomba la kupitishia gesi huondolewa, na saruji iliyo nyuma ya mabomba ya kuta hupimwa, maana kizibo kizuri ndani ya bomba hakifai kitu ikiwa gesi inapanda kwa nje. Tatu, kizibo cha saruji huwekwa mkabala wa mwamba-kifuniko, na kingine juu yake ili kimoja kikishindwa cha pili kizuie. Kila kizibo hujaribiwa kwa kukandamizwa kwa uzito au kwa shinikizo. Nne, kizibo cha mwisho huwekwa karibu na sakafu ya bahari, mabomba hukatwa chini ya sakafu hiyo, na vyuma huondolewa ili nyavu za wavuvi zisinase. Hatimaye mahali pale hukaguliwa na taarifa huandikwa.

Msomaji ataona kwa nini neno kufukia, ingawa ni zuri kwa kisima cha Itetemia, halifai hapa. Kisima cha gesi hakijazwi tangu chini hadi juu. Huwekewa vizibo mahali maalumu palipochaguliwa kwa kufuata miamba. Udongo na mawe huzuia mbuzi asitumbukie, lakini hauzuii gesi.

4. Kwa muda na daima

Kuna visima vinavyozibwa ili visifunguliwe tena, na vinavyofungwa kungoja siku nyingine. Historia ya nchi yetu inatupa mifano iliyo wazi.

Gesi ya Songo Songo, mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Kampuni hiyo haikuiona kuwa na faida. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) likaendelea kuchoronga, na visima vya miaka ya 1970 na 1980 ndivyo vilivyoanza kutoa gesi iliyofika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Huko Mnazi Bay, mkoani Mtwara, AGIP iligundua gesi mwaka 1982, na kisima kikafungwa kwa kukosa soko. Mwaka 2005 kampuni ya Artumas ilikiingia tena kisima kile kile, na gesi yake ikaja kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi.

Je, kisima cha Mnazi Bay kilikuwa kimetelekezwa? Hapana, kwani kilikuwa kimefungwa kwa namna iliyoruhusu kurudiwa. Je, kilikuwa kimezibwa daima? Hapana pia. Kilikuwa kimesimamishwa. Mtafsiri wa taarifa za miaka ile akitumia neno moja kwa hali zote, msomaji hataweza kujua kama kuna kisima cha kurudia au hakuna, na jambo hilo kwa taifa ni mali.

Kusimamisha nako si kazi nyepesi. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi wa mtambo wa Deepwater Horizon walikuwa wamemaliza kuchoronga kisima cha Macondo, penye kina cha maji cha meta 1,500 hivi, nao walikuwa katika kazi ya kukifunga kwa muda. Saruji ya chini haikuizuia gesi, matokeo ya jaribio la shinikizo yalifasiriwa vibaya, na tope zito la kuchorongea likaondolewa na kuwekwa maji ya bahari yaliyo mepesi. Gesi ikapanda, mtambo ukalipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Watu hao hawakuwa wakikitelekeza kisima. Walikuwa katika mojawapo ya hatua za hatari zaidi za kazi yao. Neno linalodokeza uvivu na kuondoka halimtayarishi mkaguzi wala fundi kwa hatari ya namna hiyo.

Kwa upande wa kuziba daima, viwango vya Norway husema wazi kwamba kizibo kibuniwe kwa kutazamia umilele. Ndiyo sababu tunapendelea neno daima kuliko kabisa. Kabisa hueleza kiasi: mlango uliofungwa kabisa leo waweza kufunguliwa kesho. Daima hueleza wakati.

5. Yatima na aliyetelekezwa

Marekani ina visima vingi vya zamani ambavyo wenyewe wamefilisika au hawajulikani, na mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo ilitenga dola bilioni 4.7 kwa kazi ya kuviziba. Visima hivyo huitwa kwa jina lenye maana ya yatima. Hapa Kiswahili kinakubaliana na Kiingereza bila ya taabu, na tena kinaongeza usahihi. Kwetu, yatima ni aliyefiwa. Aliyetelekezwa ana mzazi aliye hai. Kwa hiyo kisima yatima ni mzigo wa umma, kwa sababu hakuna wa kudaiwa. Kisima kilichotelekezwa kina mwenyewe, na mwenyewe huyo yafaa adaiwe. Mtumishi wa serikali anayeandika barua ya madai hawezi kuyachanganya maneno haya mawili bila ya kumpunguzia mdaiwa deni lake.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka kuwe na mpango wa kufunga miradi na mfuko wa fedha za kazi hiyo, ili visima visije vikawa yatima. Na tangu mwaka 2021, sheria ya kutafsiri sheria iliporekebishwa, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Neno tulichagualo, basi, halibaki kamusini. Laweza kusomwa mbele ya hakimu.

Wala wasomaji wa bara wasidhani kwamba habari hizi ni za watu wa pwani peke yao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga linapita katika Mkoa wa Tabora, na karakana ya kuyavika mabomba yake tabaka la kuhifadhi joto imejengwa Sojo, wilayani Nzega. TPDC nalo linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa wilaya ya Igunga. Kila tundu litakalotobolewa lina siku yake ya kuzibwa.

6. Mapendekezo

Baada ya kuyapima maneno kwa usahihi, wepesi wa kunyambulika na kufahamika kwake, tunapendekeza yafuatayo:

(i) Kusimamisha kisima: kukifunga kwa muda kwa vizibo vilivyojaribiwa, kwa nia ya kukirudia. Kukirudia huko kutaitwa kuzibua.

(ii) Kuziba daima. Uzibaji wa daima: kukiwekea kisima vizibo vya kudumu bila ya nia ya kukirudia, na kuondoa vyuma vilivyo juu ya sakafu ya bahari.

(iii) Kizibo: tabaka la saruji au kitu kingine kisichopenyeka, lililowekwa ndani ya kisima na kujaribiwa.

(iv) Kisima kilichotelekezwa: kisima ambacho mwenye wajibu anajulikana, naye hakukiziba wala kukisimamisha ipasavyo.

(v) Kisima yatima: kisima ambacho mwenye wajibu hayupo tena au hajulikani.

(vi) Kufunga kisima: neno hili liachwe kwa maana yake ya kila siku ya kuzuia mtiririko kwa vali, kama wakati wa matengenezo, lisitumiwe kwa (i) wala (ii).

Kwa kazi kubwa zaidi ya kuondoa mitambo, majukwaa na mabomba yote ya mradi, mmoja wetu alipendekeza kuvunja kambi, msemo wa misafara. Ni msemo mtamu, lakini msafara uliovunja kambi uliacha majivu na mafiga nyuma yake, wala haukudaiwa kurudi kuyazoa. Tumeona heri kusema kwa urefu: ufungaji wa mradi na uondoaji wa mitambo.

7. Hitimisho

Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na gesi ya mwaka 2016, na ina Baraza lake la Kiswahili. Haifai kisima kizibwe kwa jina moja Mtwara na kwa jina jingine Pemba. Tunatarajia kushauriana na wenzetu wa BAKIZA kabla ya orodha hii kusanifishwa.

Wakati huo huo tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayajaribu maneno haya katika barua, masomo na tafsiri zao, kisha watuandikie ni lipi limekwama na kwa sababu gani. Tunawaomba hasa wakikutana na neno kutelekeza katika waraka wa visima wasimame kidogo, wajiulize: je, mwandishi anaagiza kazi, au anashitaki kosa?