Mwarobaini Una Mpaka Wake, na Degedege Halisubiri

Katika vijiji vingi vya Pwani, ni nadra kuona ua lisilokuwa na mmea wa dawa. Mwarobaini husimama karibu na nyumba, shubiri mwitu hupandwa mlangoni, na kivumbasi hufukizwa jioni kufukuza mbu. Wazee wetu waliupa mwarobaini jina hilo kwa kuamini kuwa hutibu maradhi arobaini.

Elimu hii ni neema, wala Uislamu haukuja kuifuta. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi bila kuyaletea dawa. Lakini pia, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, alibainisha kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara yake.

Dhamana hiyo huwa nzito zaidi kwa mtoto mwenye degedege. Homa imepanda, macho yamegeuka, viungo vinakakamaa na kutetemeka. Katika jamii zetu nyingi hali hii huhusishwa na shetani. Mtoto hufukizwa, huogeshwa majani, hata kufungwa hirizi; na wapo wanaoonya kuwa akidungwa sindano atakufa. Kumbe mara nyingi chanzo ni malaria kali, au pengine homa ya uti wa mgongo. Kila saa inayopotea humsogeza kwenye ulemavu au mauti.

Wapo wanaodhani kwamba kwenda zahanati ni kuyapa mgongo majani ya mababu. La hasha! Dawa mseto ya malaria ina artemisinini, iliyotokana na mmea wa jamii ya pakanga uliotumiwa China kwa karne nyingi kutibu homa. Mtafiti Tu Youyou alirejea vitabu vya kale, akaipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tofauti ni kipimo: kiasi cha dawa katika kidonge kinajulikana, ilhali nguvu ya kikombe cha majani yaliyochemshwa haijulikani. Mafuta ya mwarobaini waliyonyweshwa watoto wachanga yamewahi kuwadhuru, hata kuwaua.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu. Usimtie chochote mdomoni, wala usimnyweshe dawa akiwa hajitambui. Mkimbize kituo cha afya, na uwaeleze wahudumu majani yoyote aliyopewa, usione haya.

Nanyi waganga wetu wa miti shamba, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka msajiliwe. Mganga mwema hutambua ukomo wa ujuzi wake na humpeleka mgonjwa panapostahiki. Ama mpiga ramli adaiye kujua ghaibu, huyo si tabibu.

Tuipande miti yetu na tuwarithishe watoto elimu yake. Lakini degedege likibisha hodi usiku wa leo, safari iwe ya zahanati, na dua tuisome njiani.