Daftari la Jumuiya

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki wa Dar es Salaam hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Viti vya plastiki hupangwa uani, na meza hutandikwa kitambaa cheupe, msalaba katikati ya mishumaa miwili. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele na milele, amina." Injili husomwa, watu hushirikishana tafakari, husali, hutoa michango. Kisha katibu hufungua daftari la mahudhurio.

Daftari hilo lina nguvu. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ukifiwa, parokiani utaulizwa kwanza kama jumuiya inakufahamu. Swali lenyewe si baya. Parokia ya mjini ina waumini maelfu, na mapadri wawili watatu hawawezi kumjua kila mtu. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya kipaumbele miaka ya 1970, walitaka Kanisa la majirani wanaojuana.

Tatizo huonekana msibani. Ndugu wanahangaika kumtafuta katekista, na pembeni ya turubai watu wananong'ona: "Huyu si alikuwa hasali jumuiya?" Mwingine anadakia: "Hata zaka hatoi." Lakini Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1184, inawataja wa kunyimwa mazishi: walioasi imani waziwazi, waliochagua mwili uchomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waumini. Hao nao ni iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, na penye shaka aulizwe askofu. Utoro wa Jumamosi haumo, wala deni la zaka.

Kwaresima ndiyo huyaibua haya. Kila Ijumaa ni Njia ya Msalaba, vituo 14, watu wazima wakipiga magoti sakafuni. Ikifika Dominika ya tano ya Kwaresima katika Mwaka C wa masomo ya Misa, kama 2022 na 2025, inasomwa habari ya mwanamke aliyefumaniwa na washitaki wake walioondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Hapo kina mama huuliza: na mwanamume yuko wapi? Kitabu cha Walawi kinawahukumu wote wawili. Watu hucheka, maana wanajua linakoelekea. Binti aliyezaa nyumbani huzungushwa ndipo mtoto wake abatizwe, na aliyempa mimba anaimba besi kwaya kuu. Januari 2014 Papa Fransisko alimbatiza, katika Kikanisa cha Sistina, mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Sioni kwa nini parokia zetu ziwe kali kuliko Roma.

Desturi ya kurekebisha hili tunayo tayari. Kwaresima jumuiya hutoka kufanya matendo ya huruma: hospitali, gerezani, kwa wazee, mikononi sukari, sabuni na unga. Wale wenye alama ya "hayupo" mwaka mzima wangewekwa kwenye ratiba hiyohiyo, na katibu awe wa kwanza kubisha hodi, daftari akiliacha nyumbani. Wengi atawakuta ni walinzi wa usiku waliorudi wakiwa hoi, au mama wa mbogamboga ambaye saa kumi alfajiri alishafika soko la Ilala.