Kinywa kikavu: Dawa na vyakula vinavyochochea mate

KINYWA kikavu si kero ndogo. Mkulima wa Tongaren, Kaunti ya Bungoma, anayemeza tembe za shinikizo la damu kila asubuhi, huweza kushindwa kumeza tonge la ugali bila maji, akaishia kuiacha dawa inayolinda uhai wake.

Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja unusu ya mate kwa siku. Mengi hutoka katika jozi tatu za tezi, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mate hulainisha chakula, huanza kumeng'enya wanga na hupunguza makali ya asidi inayotoboa meno. Yanapopungua, meno huoza upesi, na utando mweupe wa kuvu huweza kuota ulimini.

Ukavu huo husababishwa na dawa nyingi, zikiwemo za mzio, za sonona na baadhi ya zile za shinikizo la damu. Kisukari kisichodhibitiwa, miraa na matibabu ya mionzi kwa saratani ya kichwa na shingo pia hukausha mate.

Njia rahisi ya kuyachochea ni kutafuna, au kuonja kitu kichachu kama ukwaju na limau. Hata hivyo, asidi ya limau hula meno yaliyokosa kinga ya mate, nao muwa huyaongezea sukari. Chingamu isiyo na sukari ni salama zaidi.

Dawa inayojulikana sana ni pilokapini, iliyotengwa mwaka 1875 kutoka majani ya jaborandi, mmea wa Brazili. Huiga ujumbe wa neva unaoziamuru tezi kutoa mate. Marekani iliidhinisha tembe zake mwaka 1994 kwa wagonjwa waliotibiwa kwa mionzi. Mwaka 2000 iliidhinisha sevimelini kwa wenye ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga yao ya mwili hushambulia tezi zenyewe.

Dawa hizo huleta jasho jingi, ni hatari kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa, na haziwezi kufufua tezi iliyokufa. Hazifai kununuliwa bila agizo la daktari.

Kwa mgonjwa wa Tongaren, hatua ya kwanza ni kumwonyesha daktari, awe Kitale au Bungoma, dawa zote anazotumia. Pengine kubadilishiwa aina au kipimo kutatosha. Kuziacha kimyakimya ni kujitafutia kiharusi.